Mazda MX-5 ya kizazi cha pili: miezi 14 na gari langu la wikendi

Nilipomaliza chuo na kupata ajira yangu ya kwanza, kitu nilichokitamani kuliko samani wala simu mpya kilikuwa gari la spoti la kuendesha Jumamosi na Jumapili tu. Kazini nilikuwa nikienda kwa basi, na hadi leo ninakwenda kwa basi, kwa hiyo sikuhitaji gari la kubeba mizigo wala la kukaa watu watano. Nililonunua hatimaye ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, gari la wazi la viti viwili lenye paa la turubai, yenye injini ya lita 1.8 na gia za mkono, na sasa nimekaa nalo miezi 14. Nayaandika haya nikimfikiria mtu aliye pale nilipokuwa mimi: mshahara wa kwanza umeingia, simu imejaa picha za magari, na kila gari analolitazama usiku wa manane linaonekana limetengenezwa kwa ajili yake.

Kabla ya kwenda kuona gari hata moja, niliigawa akiba yangu mafungu mawili. Theluthi mbili zilikuwa za kununulia gari, na theluthi iliyobaki nikaiweka kando kwa ajili ya bima, tairi, mkanda wa taimingi (ule unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini) na mengine ambayo yangejitokeza. Magari ya spoti yaliyotumika yana hadaa moja: bei ya kuyanunua hushuka kadiri miaka inavyokwenda, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo, na mtu aliyemaliza akiba yote kwa muuzaji hujikuta ameliegesha gari mwezi wa pili akisubiri mshahara ili anunue pedi za breki. Bima nayo iliyafuta magari kadhaa kwenye orodha yangu kabla hata sijayaona, kwa sababu dereva mwenye umri mdogo na leseni changa hutazamwa kwa jicho kali pindi anapotaja gari lenye injini kubwa na milango miwili. Nikajizoeza kuomba makadirio ya bima kwanza, ndipo nimpigie muuzaji simu.

Gari la kwanza kulijaribu lilikuwa Volkswagen Golf GTI, ambalo ndilo kila rafiki yangu mwenye akili timamu alinishauri ninunue. Lina milango ya kutosha, buti la maana, injini yenye tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) isiyochoka kusukuma, na viti ambavyo mtu angeweza kulala. Nililiendesha kwa nusu saa kwenye barabara yenye kona nyingi, na niliporudi nikagundua kwamba sikumbuki kona hata moja. Gari lilikuwa limezimaliza zote kwa niaba yangu. Kwa mtu anayetafuta gari moja la kufanyia kila kitu, sina neno baya juu yake. Ila mimi sikuwa natafuta gari la namna hiyo.

Toyota GT86 lilinigusa zaidi. Toyota na Subaru walilitengeneza kwa ushirikiano na kuliingiza sokoni mwaka 2012, likiwa na injini bapa, yaani yenye pistoni zilizolala, ya lita 2.0 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 200, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Usukani wake unasema kweli, na viti viwili vya nyuma, ingawa mtu mzima hawezi kukaa humo kwa amani, hupokea begi na koti bila ubishi. Laiti fungu langu la kwanza lingekuwa nono kidogo, huenda ningekuwa naandika habari za gari hilo. Lakini hata lile la bei nafuu kuliko yote niliyoyaona lingemeza na fungu la pili.

Honda S2000 sikuliendesha. Rafiki wa kaka yangu alinipakia tu. Injini yake ya lita 2.0 hupanda hadi mizunguko karibu 9,000 kwa dakika, na sauti yake ikifika huko juu inasisimua mwili. Tatizo ni kwamba nguvu zenyewe zinakaa huko huko juu, na ukiimaliza gia ya pili tayari uko kwenye kilomita 100 kwa saa. Safari nzima nilikuwa nikijiuliza ni mara ngapi kwa mwezi ningeweza kuyafanya hayo bila kuiweka leseni yangu, au mtu anayevuka barabara, hatarini. Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2007, ilikuwa kinyume cha hayo: nyepesi, injini yake imekaa nyuma ya viti, na wepesi wake wa kuingia kwenye kona sijauona kwingine. Niliiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mizigo, kwa kuwa nafasi yake ni vijishubaka nyuma ya viti na kasha dogo chini ya boneti, na gari la wikendi lisiloweza kubeba nguo za siku mbili linanitatiza. Ya pili ni woga wangu mwenyewe: gari lenye injini katikati, ukiachia mafuta ghafla ndani ya kona, mkia wake unaweza kukutangulia, na mimi wakati huo nilikuwa na uzoefu wa miaka miwili tu ya kuendesha.

Ndipo nikaijaribu MX-5. Ukizisoma takwimu zake karatasini, hazimtishi mtu: nguvu za farasi zipatazo 140 na uzito wa kilo 1,000 na ushei. Lakini umekaa chini sana, mkono unaugusa mti wa gia pale pale unapoushusha, na gia yenyewe inahama kwa mwendo mfupi wa kiganja, kana kwamba unageuza swichi. Nilipoingia kwenye kona ya kwanza kwa kilomita 50 kwa saa, nikahisi uzito ukihamia tairi za nje, nikahisi usukani ukikaza kidogo kisha ukilegea, na nikajikuta natabasamu peke yangu. Kilomita 50 tu! Mazda wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Nilikuwa nimeudharau kama maneno ya matangazo, na siku hiyo nikanyamaza. Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua ninachonunua: gari ambalo utamu wake unapatikana kwenye mwendo nitakaoendesha kweli.

Kuna sababu nyingine isiyo na mahaba ndani yake, nayo ni vipuri. Gari hili lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yameshatengenezwa milioni moja, idadi ambayo hakuna gari lingine la spoti la wazi lenye viti viwili lililoifikia. Kwa hiyo vipuri vya asili, vya kuiga na vilivyotumika vinapatikana, na karibu kila ugonjwa wake umeshaelezwa na mtu fulani kwa picha. Ukitafuta vipuri, kumbuka kwamba Marekani wanaliita Miata na Japani wanaliita Roadster; mimi niliikosa pampu ya maji kwa wiki mbili kwa kutafuta jina moja tu.

Hata hivyo, nusura nilinunue bovu. Tangazo la gari la kwanza nililokwenda kulikagua lilisema "halina kutu kabisa", na rangi yake nyekundu iling'aa kiasi cha kujiona ndani yake. Fundi niliyefuatana naye, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, hakulitazama hata boneti. Alipiga magoti, akaanza kuligonga bati la chini ya mlango kwa kifundo cha kidole, akitoka mbele kwenda nyuma. Mbele lilitoa mlio mwembamba wa bati. Karibu na gurudumu la nyuma likatoa mlio mzito, kama mtu anayegonga ukuta uliopigwa plasta. Akatoa sumaku ndogo mfukoni. Mbele ilinasa, nyuma ikaanguka chini.

"Kijana wangu," akasema bila kuinua kichwa, "hapa unauziwa puti."

Muuzaji alieleza mambo mengi kuhusu mwenye gari wa zamani, nasi tukaaga. Baadaye fundi alinifafanulia kwamba puti ni kijazio cha kuzibia bati lililoliwa na kutu, ambacho sumaku hainasi, kisha akanieleza kisa chenyewe. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye turubai huingia kwenye matundu mawili yaliyo nyuma ya milango, kisha hufuata mipira na kutokea chini ya gari. Majani na vumbi vikiyaziba matundu hayo, maji hayana pa kwenda, hukaa karibu na bati la chini ya mlango na kulila kutoka ndani, na likianza kuonekana kwa nje, ndani limeshakwisha.

Gari nililolinunua lilikuwa limepauka rangi, lina mkwaruzo kwenye bampa, na lilikuwa limetembea kilomita nyingi zaidi ya lile jekundu. Lakini sumaku ilinasa kila mahali, na mwenyewe alikuwa na bahasha ya risiti, mojawapo ikionyesha kwamba mkanda wa taimingi na pampu ya maji vilibadilishwa pamoja baada ya kilomita 100,000. Injini za kizazi cha kwanza na cha pili hutumia mkanda, na ni kuanzia kizazi cha tatu ndipo walipoweka cheni, hivyo risiti hiyo niliithamini kuliko rangi.

Matunzo ya matundu, hata hivyo, hayakuwa na risiti. Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta na zulia la upande wa abiria limelowa, na kwa siku mbili nilihangaika na sili za vioo kabla ya kuyakumbuka maneno ya fundi. Nililifungua turubai nusu, nikapapasa kwa kidole nyuma ya mlango, na nikatoa tope jeusi la majani lililooza, linalonuka kama mtaro. Nikapitisha waya laini wa plastiki taratibu, maana ukitumia nguvu unaweza kuutoboa au kuuchomoa mpira wenyewe, kisha nikamimina kikombe cha maji na kuinama kutazama yakichuruzika chini ya gari. Zulia halijalowa tena.

Kitu kilicholibadilisha gari kuliko vyote ni tairi. Nilipolinunua, mikato ya tairi ilikuwa bado mirefu, na mimi nilihesabu hiyo kuwa bahati. Wiki ya tatu, kwenye lami iliyolowa, mkia uliteleza kwenye mzunguko wa barabara kwa mwendo wa kawaida kabisa. Nikasoma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio pembeni ya tairi, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi zilikuwa na zaidi ya miaka kumi, na mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Seti mpya ya tairi nzuri, pamoja na kupima alaimenti (mlingano wa magurudumu), ilimaliza sehemu kubwa ya lile fungu la pili, na sijajuta. Tairi zake ni ndogo, 195/50 za rimu ya inchi 15, kwa hiyo hata zile bora hazina bei ya kutisha zikilinganishwa na za magari yenye rimu kubwa.

Kuishi nalo kuna kero zake. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 100 kwa saa turubai likiwa limefungwa, kelele za upepo hukulazimisha kupaza sauti ili usikike na aliye kando yako. Rafiki yangu mmoja mrefu alikaa dakika kumi tu akaomba kushuka, kwani kichwa chake kilikuwa kinagusa turubai na goti linagusa usukani. Aliye mrefu na anayelipenda gari hili, akae ndani kwanza kabla ya kuzungumza bei. Buti linapokea mabegi mawili laini, la tatu linabaki nyumbani. Betri nayo imo humo humo kwenye buti, wala haiko chini ya boneti, na unapoibadilisha ni lazima upate ile yenye mipira ya kutolea hewa nje, kwa sababu betri ya kawaida itaacha gesi zake ndani ya buti. Na sithubutu kuacha hata kitabu kwenye kiti ninapoliegesha, kwa kuwa turubai linahitaji kisu tu.

Upande wa mafuta, kwa uendeshaji wangu ambao si wa kistaarabu sana, linatumia lita 9 hivi kwa kilomita 100. Turubai hufunguliwa kwa mkono: vibanio viwili juu ya kioo cha mbele, unalisukuma nyuma, basi. Kioo cha nyuma ni kioo halisi, tofauti na kizazi cha kwanza kilichokuwa na plastiki iliyopaswa kufunguliwa zipu kwanza. Nimefika mahali pa kulifungua nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu.

Mwenye uwezo wa kuwa na gari moja tu, au mwenye mtoto, au anayetarajia kupakia marafiki watatu kila Jumamosi, atafute lile Golf GTI na atalifurahia. Mimi ningelinunua hili tena leo, kwa sharti la sumaku na fundi. Mkanda wa taimingi unaofuata bado una kilomita kama 20,000 mbele yake, na pesa yake nimeshaanza kuitenga. Kikombe cha maji nakimimina nyuma ya milango kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.