TAHADHARI: Sonara wa "kuosha" dhahabu Mji wa Kale, msimpe bangili zenu

Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja. Nimelia, nimenyamaza, hata kakangu nilimficha kwa aibu. Leo naandika kwa sababu jana shoga yangu kanipigia kuniuliza yule sonara niliyemsifia wakati wa Ramadhani duka lake liko wapi, ataka kumpelekea mkufu. Moyo ulinipiga paa. Msiende! Niliyemsifia ni mimi, na ninayesema msiende ni mimi.

Nilimpelekea bangili za dhahabu za mama, zote nne. Moja ilikuwa na ufa kwenye kiungo tangu mwezi wa nane, na harusi ndiyo hiyo yaja, nikasema sitavaa tatu mbele za watu ilhali mama, Mola amrehemu, alivaa nne maisha yake yote.

Mtaniuliza nilimwaminia nini. Alinitengenezea kikulabu cha herini kwa shilingi mia tatu, kazi safi, mpaka leo hakijalegea. Si mtu wa kuzunguka majumbani na mkoba, ana duka, ana meza, ana mizani. Aniita dada kwa adabu. Nilipozifungua kwenye pindo la leso alizitazama kwanza bila kuzigusa, akasema, "Mashallah, nakshi hii siku hizi hakuna fundi wa kuitoa." Akazipima mbele ya macho yangu, gramu 46.2, akaandika kwenye karatasi akanipa. Pesa hakutaka kwanza. Sasa mtu kama huyo utamshuku kwa lipi?

Ufa aliulehemu vizuri, hapo sina la kusema. Ndipo akaniambia, "Dada, zimeshika weusi, ngoja nikuoshee. Hiyo sikutozi."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Kijana wake kaniletea kahawa na kashata. Akatoa bakuli la kioo, akamimina maji kutoka chupa mbili, akaliweka juu ya jiko dogo la stima karibu na dirisha, akawasha feni ipulize nje. Harufu ikanikereketa koo, akasema nijifunike pua na buibui, ni dawa tu. Akazitumbukiza zote nne. Vikaanza vipovu. Yale maji yaliyokuwa meupe yakageuka polepole, manjano, halafu manjano yaliyokolea kama maji ya bizari. Nikasema, "Subhanallah, kumbe zilikuwa chafu hivi?" Akacheka. "Jasho la miaka, dada." Nami nikaendelea kunywa kahawa, robo saa nzima. Wallahi kila nikiikumbuka ile kahawa natamani kuitapika. Haukuwa uchafu ule. Ilikuwa dhahabu ya mamangu ikiyeyuka, nami naitazama, tena nashukuru.

Akazitoa zimefifia, akazisugua kwa brashi ya mashine mpaka zikametameta. Akazifunga kwenye karatasi ya waridi, akabandika selotepu, akaniambia nisifungue mpaka kesho yake, dawa ikauke. Hakuzipima tena, wala sikumwambia azipime. Na yale maji hakuyamwaga. Nilimwona akiyarudisha kwenye chupa kwa uangalifu, asimwage hata tone, akafunga kizibo, akaiweka chini ya meza. Niliona, na sikuuliza.

Usiku wa kupamba dada yangu mkubwa ndiye aliyejua. Alinishika mkono akauliza, "Mbona hazilii?" Maana bangili zile zilikuwa zikigongana unajua mama anakuja kabla hujamwona. Nikazipima kwa kiganja, nikahisi mkono mtupu.

Jumatatu nikazipeleka kwa mzee mwingine, sonara wa siku nyingi. Mizani yake ikasoma 37.9. Alirudia mara tatu. Gramu 8.3 zimekwenda! Akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Kuna lile ua la katikati, nilipokuwa mdogo nikilala mapajani mwa mama nilikuwa nalipitishia kidole na kingo zake zinakwaruza. Sasa limelainika kama peremende iliyomung'unywa. Muhuri wa 916, ule wa kuonyesha kwamba sehemu 916 katika 1,000 ni dhahabu tupu, yaani karati 22, umeliwa mpaka 6 yafanana na 0. Mzee akanieleza: ni asidi mbili, ya nitriki na ya haidrokloriki. Kila moja peke yake haiyeyushi dhahabu, zikichanganywa zinaila. Dhahabu inabaki ndani ya yale maji, halafu mwenyewe anaitoa kwa dawa nyingine, anaiyeyusha, anauza. Kuosha kwa haki, akasema, ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, hata jikoni kwako wafanya.

Nilirudi dukani kwake. Mnajua alinijibu nini? Kwamba gramu zile zilikuwa uzito wa uchafu. Gramu nane za uchafu! Mamangu alikuwa akitia udhu mara tano kwa siku na bangili hizo mkononi.

Huyu mtu afungwe. Afungwe, na duka lifungwe, na ile chupa ya chini ya meza itolewe hadharani watu waione. Arudishe gramu kwa gramu, si pesa, dhahabu. Wangapi wamekwenda wakarudi wakifurahia kumeta, hawajui mpaka leo? Wajane, maharusi, watu walioachiwa kitu kimoja tu na wazazi wao. Mtu wa kuosha bure muogopeni, na anayekwambia usifungue karatasi, na maji yakigeuka manjano nyanyuka hapo hapo upige kelele, na pimeni kabla na baada, mizani ile ile, kabla hujatoka mlangoni. Mimi sikupima. Na wenzake walio karibu naye, wanaojua na wamenyamaza, nao waulizwe, wanyang'anywe leseni, kwa nini yeye peke yake?

Jina sitaliandika hapa kwa sababu ya kesi, nipigie nikutajie. Nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo, na karatasi yenye 46.2 kwa mwandiko wake ninayo. Jumamosi narudi kituoni na kakangu. Aliye na karatasi ya duka hilo, hata iwe ya mwaka juzi, apime vitu vyake leo na anitafute kabla ya Jumamosi.