Gereji iliyoniambia nikapande daladala mbele ya mkwe wangu

Naanza na neno lenyewe, maana ndo lililonifanya nikae na simu saa hizi badala ya kulala. "Bwana, gari hizi zina wenyewe. Kama milioni sita na nusu huna, iuze ukapande daladala." Kanambia hivo mdomo umejaa sambusa, tena mbele ya mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, kashuka melini kutoka Pemba saa ile ile, baibui bado lina chumvi ya bahari, na yule bwana hata shikamoo hakumpa.

Gereji siitaji jina. Iko hapa hapa mjini Unguja, ile aina ya gereji yenye tailizi nyeupe na ofisi ya eisi na kochi la wateja, ukiingia tu unahisi gari yako ishapona. Na mie nlikuwa mteja wao kabla, mwaka jana hivi nlipeleka kutia gesi ya eisi wakanifanyia kazi safi, nkawasifu mpaka barazani kwa watu wa kahawa, watu wawili watatu wakapeleka gari zao kwa maneno yangu. Hilo ndo linanichoma zaidi, nlikuwa mpiga debe wao bila mshahara.

Gari ni Lexus RX 450h ya kaka yangu, haibridi, yaani inakwenda kwa petroli na kwa umeme wa betri kubwa, yeye yuko Muscat, aliiagiza Japani akaniachia niitumie na niitunze, zaidi naitumia. Siku yenyewe nlikwenda bandarini Malindi kumpokea mkwe, tumefika Amani nasikia nyuma huko chini kunavuma kama pangaboi lililolegea, mkwe akauliza mwanangu hii gari ina mashine ya kusaga? nkacheka. Hatujafika mbali dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu na maandishi ya Kijapani ambayo mie hata unichape sisomi, nguvu zikakatika, nakanyaga mafuta gari inakwenda mwendo wa jeneza, daladala zinanipita zinapiga honi. Nkageuza pole pole nkaipeleka kule kwenye tailizi.

Fundi mkuu kachomeka mashine, hata dakika tano hazijafika kashatoa hukumu. Kachukua karatasi ya risiti akaandika kodi, ile namba ya kosa inayotolewa na mashine, huku anakula, gumba lote mafuta. Karatasi ninayo mpaka leo. Inasomeka P0A8, halafu tarakimu ya mwisho imemezwa na doa la sambusa. Nkamuuliza, fundi, hii maana yake nini? Akajibu betri kubwa imekufa, ndo ya hizo milioni sita na nusu. Nkauliza imepimwaje, yale mafungu ya ndani yana volti ngapi ngapi, maana nlishasoma soma kidogo kwamba betri ile ya volti 288 si kitu kimoja, ni vipande 30 vimeungwa pamoja. Akaniangalia kama nimemuomba namba ya mkewe. Ndo likaja lile neno la daladala.

Mkwe hakusema kitu. Tumo ndani ya teksi ndo kaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani ile gari ni ya nani hasa?" Bora angenitukana. Tangu siku ya posa nlikuja na gari ile na sijawahi kutamka kwamba si yangu.

Kesho yake nkaenda kuitoa, wakanikata elfu thelathini za kusoma mashine (za kusoma!), nkaiburura mpaka Mwanakwerekwe kwa kijana mmoja anafanyia kazi chini ya mwembe, hana tailizi hana kochi, ana kibao cha kukalia na kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti anachomeka chini ya usukani anasoma kwenye simu. Akaniita, ami, njoo uone mwenyewe. Akanigeuzia simu. P0A82. Si 80. Akanieleza taratibu, P0A80 ndo ile inayosema betri kubwa ibadilishwe, hii ya 82 inasema feni ya kupozea betri haifanyi kazi inavyotakiwa. Tarakimu moja tu jamani! Milioni sita na nusu zimekaa juu ya tarakimu moja, na tarakimu yenyewe imekaa chini ya mafuta ya sambusa.

Yule kijana akavaa glavu za mpira, akachomoa plagi kubwa ya usalama, akatazama saa, tukakaa dakika kumi tunazungumza mpira, hagusi kitu. Kanambia zile waya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa, ami usizizoee hata siku moja. Akanyanyua siti ya nyuma akatoa feni ya kwanza, na hapo ndo aibu yangu ilipotoka hadharani, maana pale chini ya mwembe pote pakanukia karafuu. Sisemi harufu kidogo, nasema kama umeingia ghala la Wete msimu umepamba. Zile pezi za feni zimejaa vumbi jekundu limegandana na mchanga na nywele, na kati kati mmekwama makonyo, vile vijiti vya karafuu, nlihesabu kumi na moja, moja limejikunja kwenye pezi kama limepandwa pale.

Basi niseme kweli. Msimu wa karafuu nlivuka na gari Pemba, mama yangu ana mikarafuu yake Mtambwe, pikapu ya kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikakosekana, mvua inanyemelea na karafuu zishakauka, nkakunja siti nkapakia gunia saba ndani ya Lexus. Safari mbili. Nlifunika turubai, nkadhani nimefanya la maana, kaka akiuliza kwa simu gari vipi namjibu iko poa. Kumbe betri ile inapozwa na hewa ya ndani ya gari, ile ile unayovuta wewe, inaingia kwenye vitundu vya chini ya siti ya nyuma, feni inavuta inapitisha. Ukivuta karafuu na betri inavuta karafuu. Na gari ikipigwa jua la saa saba pale Darajani ukaendesha madirisha wazi kwa kubania eisi, betri nayo unaipa hewa ya tanuri.

Kasafisha kwa brashi na upepo wa pampu, karudisha, vuma vuma imekwisha, pembetatu imezimika. Elfu sitini. Akapima na betri ndogo ya volti 12, ikaonesha 11.8, kanambia hii nayo imechoka na ndo inayosumbua wengi. Nlikuwa sijui hili na nadhani wengi hatujui, kwenye haibridi hizi betri kubwa ikijaa pomoni halafu hii ndogo imekufa gari haikubali kuwaka, maana kompyuta zote zinaishi kwa hii ndogo, na ikiwa dhaifu tu unaweza kuona taa zimewaka dashibodi nzima kama Forodhani usiku, hapo ukiangukia kwa fundi mwenye njaa unabadilishiwa gari zima. Gari ikikaa siku nyingi bila kutembezwa inakufa hiyo hiyo ndogo, kwa hiyo mara moja kwa wiki iwashe mpaka taa ya READY itoke uiache nusu saa hivi.

Mengine nlimchokonoa pale pale maana moyo ulikuwa umefunguka. Oili ni 0W-20, nyepesi, usikubali kutiliwa ile nzito ya lori ati kwa sababu kwetu joto. Kulanti ya inveta, kile kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, ina kikopo chake peke yake, si kile cha injini, watu wanajaza kimoja wanasahau cha pili. Brek za haibridi pedi zinakaa sana kwa kuwa mota ndo inayopunguza mwendo, lakini sisi na upepo huu wa chumvi diski zinaota kutu kabla hazijachakaa, hasa wa Paje na Nungwi huko wanaoegesha mita chache na maji. GX 110 yangu ya zamani ya petroli tupu nlikuwa nafungua boneti natazama naona mkanda umekatika basi nimeelewa, hii unafungua boneti unaona plastiki. Ndo maana nawaambia daini kodi, herufi na namba zote tano, zipigie picha kwenye mashine yenyewe, na msikubali ifutwe kabla hamjaiona.

Nkarudi kule kwenye tailizi. Ndiyo, nlirudi, na sikwenda kwa amani, nlikuwa na makonyo yangu kumi na moja ndani ya mfuko wa nailoni. Fundi mkuu hayupo, kaenda kuswali. Mtoto wa kike wa mapokezi akanipokea vizuri, dada wa watu hana kosa, nkajikuta nasimama pale namuonesha makonyo naye ananitazama kwa huruma kama mie ndo mgonjwa. Nkaondoka. Mpaka hapo hukumu yangu ilikuwa moja, matapeli, msiende, na hivo ndivo nlivyokuwa nataka niandike wakati ule.

Sasa ngojeni. Kama wiki mbili tatu zimepita, natoka Tunguu, eisi nimewasha, feni kimya, siti ya nyuma hamna hata kashata, pembetatu ile pale. Kwa kijana chini ya mwembe. Kachomeka, kasoma, safari hii hakuniita nije kuona, kanyamaza kwanza. P0A80. Akaniwashia eisi yote akanionesha mafungu kwenye simu, yote yanashuka pamoja kama watu wanainama kurukuu, moja linakwenda mpaka chini peke yake. Nkamuuliza ina maana yule bwana alikuwa sawa? Akasema ami mie sijui, huenda lile joto la wiki zile ndo lililolimaliza, huenda lilikuwa limechoka toka mwanzo, kwa siku ile kodi ilikuwa 82.

Nimeitoa ile karatasi mara ngapi usiku huu. Nikiinyanyua kwenye taa naona kabisa chini ya lile doa kuna mkia wa 2. Mke wangu anasema ni 0. Kama ni 2 yule mtu aliniongopea na baadae bahati ikamfuata, na kama ni 0 basi... hapana, hata kama ni 0, mkwe wangu alimkosea nini? Angesema fundi mwingine maneno yale yale ya betri kwa adabu ningemlipa na kusafisha feni nisingejua mpaka leo, na betri mpya ningeiua kwa makonyo yale yale. Kwa hiyo ujeuri wake umenifaa? Siwezi kuandika hivo, nafsi haikubali. Nlitaka kuwapa nyota moja, nikakumbuka eisi nkaweka mbili, nikakumbuka sambusa nkarudisha moja.

Tatizo kijana wangu hana betri, na pale kwenye tailizi wanazo. Jana nkampa mke wangu simu awapigie yeye, nkaweka spika. Kapokea fundi mkuu mwenyewe, sauti naijua. "Karibu sana dada, leta gari tuipime bure, bei tutazungumza, mtu wetu hashindwi." Mke wangu kaweka mkono juu ya simu kaniangalia.

"Mbona mpole tu huyu?"