Sauti za kinanda: zipange kwa aina au kwa wimbo?

Chukua Yamaha PSR-SX900: kila benki ya rejistresheni (kundi la mipangilio uliyoihifadhi, kila mmoja kwenye kitufe chake) ina vitufe 8.

Ukipanga kwa aina, benki moja inabeba piano, nyingine ogani, nyingine nyuzi. Inafaa kanisani, pambio linapoanzishwa bila taarifa. Tatizo ni kwamba kitufe hukumbuka hata mdundo na tempo. Unabadili sauti katikati ya pambio, ngoma nazo zinaruka. Washa Freeze (kizuizi cha mabadiliko), uteue mdundo na tempo visiguswe.

Kwa wimbo, kitufe 1 ni utangulizi, 2 beti, 3 kiitikio. Bendi yenye orodha kamili haihitaji kingine. Orodha ikivurugwa, sasa, utahangaika kutafuta benki huku mwimbaji amekukodolea macho.

Na kubonyeza Memory kisha namba hakutoshi: hifadhi benki kama faili kabla ya kufungua nyingine.