Tahadhari: petroli ya vidumu "iliyokwisha kuchanganywa", rangi ipo, oili haipo

Ndugu zangu wenye injini za tu-stroki (zile zinazotiwa petroli iliyochanganywa na oili), hasa zile za zamani, someni hii kabla hamjatia mafuta tena.

Kuna muuzaji anayeuza petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, kwenye vidumu vyeupe vilivyobandikwa karatasi isemayo "50 kwa 1, kwa injini zote", yaani sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Mafuta yenyewe ni ya buluu, yanapendeza kwa macho. Jina lake silitaji, kwa sababu karatasi ile hubanduliwa ikabandikwa nyingine kwa dakika moja. Mjue anavyouza, mtamtambua popote.

Mimi nina mashine ya boti ya siku nyingi. Kibati chake kimeandikwa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Nilimwambia hivyo mapema kabisa. Akaniambia hayo ni mambo ya kale, oili za siku hizi zina nguvu, 50 kwa 1 yatosha na moshi utapungua. Nilisita, lakini nilikuwa na haraka. Nikachukua vidumu viwili.

Kesho yake, mashine ikiwa inavuta kwa nguvu zote, sauti ikabadilika, ikawa kali na nyembamba. Mwendo ukashuka wenyewe, kisha ikazima. Nikavuta kamba, haivutiki. Fundi alipofungua silinda akanipa pistoni mkononi. Upande wa eksozi ulikuwa umechanika mistari ya wima kutoka juu hadi chini, na aluminiamu yake imepakaa kwenye ukuta wa silinda kama nta. Ringi zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye mifereji yake, hata ukizisukuma kwa bisibisi hazichezi. Beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ilikuwa kavu, na imebadilika rangi kwa joto.

Tu-stroki haina oili ya akiba chini kama fo-stroki. Petroli hupitia kwenye chumba cha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda juu, na oili iliyomo ndani yake ndiyo hiyo hiyo inayolainisha krenki, beringi na silinda. Isipokuwamo, hakuna kitu kingine kinacholainisha, na mashine nyingi za zamani hazina taa wala geji ya kukuonya.

Kidumu cha pili nilikuwa sijakigusa, nikakipima. Nilichukua vibakuli viwili vya kioo. Kimoja nikatia mililita 100 za mafuta yake, cha pili mililita 100 nilizochanganya mwenyewe kwa 50 kwa 1. Nikaviacha nje kivulini, mbali na moto na mbali na watoto, mpaka petroli ikaruka. Kwenye changu ilibaki oili karibu mililita 2, ukiigusa kidole kinateleza. Kwenye chake ulibaki utando mwembamba wa buluu uliokamata kioo, na kidole kinakwama. Ukitaka kulifanya jaribio hili, usiache kuweka kibakuli cha pili cha kulinganishia, kwa maana baadhi ya oili huwa na kiyeyushio kinachoruka pamoja na petroli. Kipimo kikiwa kimoja peke yake unaweza kumwonea mtu.

Rangi isimdanganye mtu. Watengenezaji wa oili hutia buluu, kijani au nyekundu ili ujue tu kwamba petroli imechanganywa. Haikuambii oili ni kiasi gani wala ni ya aina gani, na rangi tupu inauzwa rahisi kuliko oili.

Na hata kama 50 kwa 1 ingekuwamo kweli, kwa mashine yangu ilikuwa nusu ya haki yake. Injini nyingi za zamani zilitengenezewa 16, 20 au 25 kwa 1, nyingine zikiwa na bushi mahali ambapo za leo zina beringi za sindano. Ni kweli oili zimekuwa bora sana, na wapo watengenezaji waliobadilisha vipimo vya injini zao za zamani. Lakini badiliko hilo litoke kwa mtengenezaji, kwa maandishi, kwa modeli yako. Muuzaji ambaye hajaiona hata mashine hana la kusema hapo. Wala msikimbilie upande wa pili mkajaza oili kupita kiasi kwa hofu: plagi italowa, masizi yataziba njia ya eksozi, na oili ikichukua nafasi ya petroli mchanganyiko unaoungua unakuwa hafifu, injini inapata joto zaidi.

Huyo huyo anauza pia oili kwenye chupa, bila alama yoyote ya daraja. Kwa mashine ya boti inayopozwa kwa maji tafuta daraja la TC-W3, na kwenye chupa halali kuna namba ya usajili inayoanza na RL. Kwa msumeno wa mnyororo au pikipiki inayopozwa kwa upepo tafuta daraja la JASO FC au FD. Oili ya fo-stroki iliyomiminwa kwenye chupa nyingine ina viungo vya madini vinavyoacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni, na haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli.

Kama tayari umetia mafuta yake, usiwashe "kumalizia tu". Toa yote kwenye tangi, mwaga na yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta, kisha fungua plagi uchungulie pistoni kwa tochi. Usijaribu kuyaokoa kwa kuongeza oili, kwa sababu hujui iliyomo ni kiasi gani, na hujui kama hiyo petroli yenyewe haikutiwa mafuta ya taa. Changanya upya kutoka petroli safi, kwa sirinji au kikombe chenye mistari ya mililita, na uandike tarehe kwenye kidumu: mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mimi siutii tena kwenye mashine ya zamani.