Tiketi ya ndege ya bei ya chini kabisa: masharti yake yakoje?

Kwa safari fupi ya begi la mkononi, tiketi hii inafaa. Tatizo liko kwenye masharti: usipopanda ndege ya kwanza, mara nyingi shirika hufuta safari zote zilizobaki, hata ya kurudi. Wengi huumia hapo, na sharti zito hivyo halikustahili kufichwa kwenye maandishi madogo.

Upande wa mizigo una nafuu, maana Mkataba wa Montreal wa 1999 unamlinda abiria katika safari nyingi za kimataifa. Gurudumu la begi likivunjika, andikisha ripoti kabla hujatoka uwanjani, kisha peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7. Begi likichelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Kile kikaratasi chenye namba ya begi usikitupe.