Bendi ya matarumbeta tuliyoikodi Mbeya kwa nyimbo za taifa

Nafundisha kwaya hapa Mbeya. Mwezi uliopita tulikuwa na tamasha, na wageni wetu walikuwa Wazambia waliovukia Tunduma pamoja na familia moja kutoka Afrika Kusini. Kamati iliamua kila nchi ipigiwe wimbo wake wa taifa, tukakodi bendi ya vijana wanane kwa laki tatu na nusu, nauli juu yao. Jina lao naliacha.

Waliwahi, na vyombo viling'aa. Mungu Ibariki Afrika waliupiga taratibu, kwa mwendo wa kuimbika, maana bendi nyingi za harusi huukimbiza kama wanasindikiza maharusi. Pale "Ibariki Afrika" inaporudiwa, mpiga tuba alishikilia besi hadi watoto wakapata pa kuegemea. Kisha wakaurudia muziki uleule kwa ajili ya Zambia. Wageni wakaimba Lumbanyeni Zambia, na kina mama wa kwaya yangu wakajikuta wanaitikia chinichini kwa maneno yetu. Nililengwa na machozi.

Kosa lilikuja zamu ya Afrika Kusini. Kiongozi wa bendi alikuwa ameniambia, "Mwalimu, hizo zote ni moja." Mzizi ni mmoja kweli: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897, na Tanganyika ikauchukua ilipopata uhuru 1961. Lakini tangu 1997 Waafrika Kusini wameuunganisha na Die Stem, wimbo wao wa taifa wa zamani. Ukifika hapo unahama ufunguo, yaani sauti ya msingi ya wimbo, kutoka G kwenda D, na maneno yanaingia Kiafrikana kisha Kiingereza. Vijana wetu walimaliza sehemu ya kwanza wakashusha tarumbeta. Yule baba mgeni alikuwa ameshavuta pumzi. Akaendelea bila chombo, mkewe akamfuata, uwanja mzima kimya mpaka wakamaliza. Niliona aibu, kwa sababu wimbo wa mtu haukatwi katikati.

Kwa upigaji nawapa nyota nne. Kwa maandalizi, mbili. Ukiwakodi, wapelekee nota wiki moja kabla na ukae nao mazoezini wapige kila wimbo hadi mwisho. Kiongozi wao alimfuata yule baba akamwomba radhi mwenyewe, bila kusukumwa, na ndiyo maana mwakani nitawaita tena. Nota za Afrika Kusini nimeshamkabidhi.