Noah, Sienta, Stepwgn ama Serena: gari ya familia ununue ipi ukikaa Malindi

Ukizunguka mayadi ya Mombasa utaziona zimepangwa zote zinang'aa, Noah, Voxy, Serena, Stepwgn, na muuzaji kila moja atakwambia ndo nzuri kuliko zote. Sasa kabla hujatoa pesa fikiria hiyo gari itaishi wapi, maana itaishi huku kwetu kwenye upepo wa chumvi na mchanga wa Mambrui na vumbi la njia ya Marafa, na ikizima atakayeifungua ni fundi wa mtaani kwako. Kwa hivyo mimi nazipanga kwa vitu viwili, giaboksi yake ina sifa gani, na spea zake zapatikana hapa ama mpaka zitoke Mombasa kilomita kama 120. Viti vya ngozi na skrini kubwa nimeviweka mwisho kabisa.

Namba moja ni Toyota Noah, na Voxy ndo hiyohiyo kwa sura nyingine, usikubali kuongezwa pesa nyingi sababu ya taa za mbele. Lakini si kila Noah. Ile ya 2001 mpaka 2007 ina injini ya 1AZ-FSE, ile wanayoita D-4, ambayo inapiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, basi mafuta yakiwa machafu kidogo pampu na nozeli zinaanza kusumbua, na kaboni inajaa njia ya hewa mpaka gari ikisimama inatetemeka. Hata ukiuziwa bei rahisi, iache. Ile iliyofuata, 2007 mpaka mwanzo wa 2014, ina injini ya 3ZR yenye cheni, hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha, na kwa anayenunua gari iliyotumika hapahapa Kenya hiyo ndo ningemshika mkono nimpeleke. Zenye Valvematic, ule mfumo unaopanga valvu za injini zifunguke kiasi gani, ziangalie vizuri, ukiona taa ya cheki injini inawaka na gari haina nguvu huenda ni ile kontrola yake, na hiyo si spea ya bei ndogo. Noah za 2014 kwenda juu ni nzuri zaidi tena, na kuna za haibridi, zinazotumia petroli na mota ya umeme, ila za haibridi betri iko chini ya viti vya mbele na inapozwa na hewa ya ndani ya gari, wavu wake ukijaa vumbi betri inachemka na kufa mapema, kwa hivyo hakikisha unasafishwa.

Namba mbili Toyota Sienta, na kwa familia ya watoto watatu wanne wanaozunguka mjini, Watamu na Gede, ningeiweka hata mbele ya Noah. Ile ya 2003 mpaka 2015 ina injini ya 1NZ-FE, ndo hiyo iko kwenye Probox, sasa niambie fundi gani huku hajawahi kufungua injini ya Probox. Mafuta inanusa tu. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, mtu mzima akikaa mpaka Mombasa atashuka magoti yamekufa ganzi, na iko chini, njia mbovu itagonga tumbo. Faida nyingine kwa anayeagiza Sienta mpya zaidi kutoka Japan, nayo iko chini ya 1500cc na ushuru wa eksaizi hapo ni mdogo kuliko wa gari ya 2000cc. Kumbuka pia gari ya kuagiza isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza.

Namba tatu Honda Stepwgn. Gari tulivu, nafasi kubwa, na kwa zile za mwisho wa 2009 kwenda juu viti vya nyuma kabisa vinazama kwenye sakafu ukipata mzigo. Shida yangu ni spea tu, huku Honda ni chache.

Nissan Serena naiweka ya mwisho na najua wenyewe hawatapenda. Ndani ni nzuri mno, lakini giaboksi ya nyingi ni CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, iliyotengenezwa na kampuni ya Jatco, na ukoo huo una historia ya kusumbua, Nissan wenyewe kule Marekani waliongeza waranti ya CVT zao za 2003 mpaka 2010 zikafika miaka 10 au maili 120,000. Ukiipenda lazima, iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, nusu saa na zaidi, panda nayo mlima, ikitetemeka au mlio wa injini ukipanda na gari haiendi, shuka umrudishie funguo. Na CVT yoyote, hata ya Toyota, ina oili yake maalum, fundi akikwambia atatia ya kawaida mkatalie.

Toyota Alphard sijaisahau, ni gari bora, ila ukiinunua hakikisha pesa ya mafuta unayo kila mwezi.

Sasa hii ni muhimu kuliko yote kwa sisi wa pwani: lala chini uangalie tumbo la gari. Kutu ya juujuu ya kahawia si kitu, lakini ukigonga na bisibisi ikimenyeka, au paipu za breki zimeanza kuliwa, usinunue hata kama ni Noah. Ndugu zetu wa Lamu ambao gari inalala Mokowe karibu na bahari hili liwahusu zaidi. Ukishanunua ioshe chini kwa maji tamu, si ya kisima chenye chumvi. Fungua na ufunge milango ya kusukuma mara nyingi, mchanga ukiingia kwenye reli unakula roli na waya wa mota. Washa AC ya mbele na ya nyuma pamoja saa saba mchana, sio asubuhi.

Karatasi ya mnada wa Japan ikiandikwa R au RA, hiyo gari iligongwa ikatengenezwa, uliza wapi. Na ya mtumba wa hapahapa, angalia jina la mwenye gari NTSA kupitia eCitizen kabla hujatuma hata deposit, namba ya chesisi ilingane na iliyo kwenye logbuku.